Mstari Usiomwona Mama Minza

Shinyanga Mjini,
Jumapili, alasiri.

Mwanangu Kabula,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Ibadakuli kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema, maana bibi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajamlisha mara mbili. Nimefunga mlango. Nimekaa juu ya sanduku lako la bati kwa sababu viti vyote umevirundikia nguo, na karatasi hizi nimezichomoa katikati ya daftari lako la uchumi. Usinune. Zilikuwa tupu.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuangalia mizigo kwenye treni. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeniita redio. Nakuandikia jambo ambalo nimelificha miaka kumi. Ningeweza kuendelea kulificha mpaka kufa kama si wewe na mkaa wako Alhamisi iliyopita.

Unakumbuka. Nilikuwa nachambua mchele, wewe ukachukua kipande cha mkaa ukachora kwenye sakafu yangu ya saruji. Mstari mmoja wima, mmoja umelala, na wa tatu unashuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, kama mtu anayeteremka mlima. Ukasema, "Mama, huu wima ni bei. Huu wa chini ni kiasi ambacho watu watanunua. Bei ikipanda wananunua kidogo, ikishuka wananunua zaidi. Ndio mstari wa mahitaji."

Nikacheka. Nimeuza mchele sokoni miaka kumi, halafu mtoto niliyemfunga nepi anakuja kuniambia bei ikipanda wateja hukimbia! Nikakujibu kwa kiburi, "Mstari wako unadanganya. Mimi niliwahi kupandisha bei na watu wakanunua zaidi."

"Uliuza nini?"

"Vitu."

"Basi kuna kingine kilibadilika," ukasema. "Labda watu waliongezeka. Labda walipata fedha. Bei ni jambo moja tu, Mama. Kuna kipato cha watu, kuna bei za vitu vingine, kuna idadi yao, kuna wanachokipenda. Vyote hivyo vimo ndani ya mlinganyo. Hivyo vingine vikitulia na bei peke yake ikapanda, unatembea juu ya mstari huuhuu. Vikibadilika hivyo vingine, mstari mzima unahama." Ukachora mwingine pembeni yake, upande wa kulia. "Wewe ulidhani unatembea juu ya mstari, kumbe mstari umehama. Ulichanganya."

Ulichanganya. Ulilisema huku unacheka, umepiga magoti, una mkaa puani. Nami nikakufukuza jikoni, nikasema unanichafulia sakafu. Ulidhani nimekasirika kwa sababu mtoto amenisahihisha. La. Ulikuwa umenisomea shitaka langu bila kujua, na hata kosa lenyewe ukalipatia.

Nilichouza kilikuwa maji.

Ulikuwa darasa la pili, unakaa kwa bibi yako. Baba yako alikuwa amekwenda machimboni upande wa Geita kutafuta dhahabu, akakaa kimya miezi mitano, nami nikapanda lori kumfuata. Nilipofika nikaambiwa amehamia Buseresere na mwanamke mwingine, na sufuria yangu kubwa amekwenda nayo. Sikumfuata tena. Mwanamume anayekimbia na sufuria, mwache nayo.

Nauli ya kurudi sikuwa nayo, nikabaki kambini. Sijui nikuelezeje mahali pale. Vibanda vya nyasi na magunia, mashimo kila hatua kumi, wanaume wekundu kwa udongo toka nywele mpaka kucha, na kila mtu akijisaidia nyuma ya kichaka kilekile. Harufu yake ilikuwa inakaa kwenye chakula. Nilikula huku nimeziba pua.

Aliyenipokea ni Mama Minza. Alikuwa Msukuma wa Kwimba, amenizidi kama miaka kumi, anawapikia wachimbaji ugali na kuwauzia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa miaka mitano, Minza, anayevaa shati la mtu mzima lililofungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Mama Minza hakuniuliza nakaa mpaka lini. Mkeka wake aliugawa, nusu akalalia yeye, nusu akanipa mimi.

Mwaka ule jua lilikuwa kali, mto umekauka umebaki mchanga. Tukachimba kisima mchangani, mimi na yeye, kwa jembe bovu na sahani ya bati. Urefu wa watu wawili tukakuta maji. Mikono yangu ilikuwa imechubuka, kwa hiyo miiba ya kuzungushia alikwenda kuikata yeye. Kwetu unajua, anayechimba kisima anakizungushia miiba ng'ombe wasikivuruge. Nilipouliza kama tuache mlango mwembamba ili watu wasijichotee ovyo, Mama Minza alinitazama kama mgonjwa. "Mwiba ni wa ng'ombe, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma ingawa alinizidi umri. "Si wa mtu."

Yeye akaendelea na kupika, mimi nikawa mtu wa kisimani. Wachimbaji wakaanza kuniomba niwajazie madebe, sumni, yaani senti hamsini, kwa debe. Mama Minza hakukataa. Alisema, "Wauzie hao, wana fedha zao. Lakini wanawake na watoto wachote bure." Tukakubaliana hivyo. Ilikwenda vizuri majuma mawili, mpaka nilipogundua kwamba baadhi ya wanawake wanachota bure kwangu, halafu wanawauzia wachimbaji walewale kwa senti thelathini. Nikaona nimeibiwa. Ninaandika neno hilo huku najicheka: nimeibiwa, mimi, maji ya Mungu kutoka mchangani. Kesho yake nikatangaza bei moja kwa wote. Mama Minza alikuwa anasonga ugali. Mwiko ulisimama kidogo, kisha akaendelea kusonga.

Kila debe nililouza nilitia punje ya mahindi kwenye kopo. Kwa sumni nilikuwa napata punje sitini kwa siku. Nikapandisha kuwa shilingi, zikawa hamsini. Shilingi na nusu, arobaini na tano. Ona sasa, ule mstari wako nilikuwa nauchora kwa mahindi miaka kumi kabla hujanifundisha somo. Na niligundua kile ambacho labda mwalimu wako atakuambia mwezi wa pili: maji si kama vitumbua. Bei imekuwa mara tatu ya ile ya kwanza, wanunuzi wamepungua robo tu. Kopo lilikuwa jepesi kidogo na mfuko ulikuwa mzito sana, nami nikafurahi mpaka nikaimba.

Walichopunguza nilikuwa nakiona kwa macho na kwa pua. Kwanza waliacha kuoga. Kisha wakaacha kufua. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiswahili, Mzee Sefu, mwenye kibanda cha duka, akaja kuniuliza kwa nini sabuni yake hainunuliwi. Maskini alikuwa ameshusha bei ya sabuni mara mbili, akidhani kosa ni la sabuni. Nikamwambia sijui. Nilijua. Mtu atanunuaje sabuni na maji ya kuogea hana? Kambi nzima ilinuka kikwapa na damu ya vidonda, na mimi katikati yake nikawa nanusa fedha tu.

Halafu dhahabu ikatoka kwenye shimo moja la upande wa mashariki. Kwa juma moja watu wakamiminika, wengine wanatoka Kahama kwa miguu. Nikapandisha bei mpaka shilingi mbili, na punje zikapanda mpaka themanini. Hapo ndipo nilipopata ile hekima yangu niliyokutolea Alhamisi. Nilijiambia: kumbe watu hawa wanapenda cha ghali. Kumbe bei ikiwa ndogo wanadhani maji ni machafu. Nikapandisha tena, shilingi tatu.

Dhahabu ile haikufika hata mwezi. Shimo likaisha, wageni wakaondoka na fedha zao. Punje zikashuka mpaka thelathini. Mtu mwenye akili angeteremsha bei siku ileile. Mimi nikakataa, kwa sababu niliamini nimeshagundua siri, kwamba wakizoea watarudi. Ulichanganya, Mama. Ndiyo, nilichanganya. Jioni nilibaki na madebe manne, matano yaliyojaa, na ili asubuhi wachimbaji wasione kwamba maji yamebaki wakaanza kubishana bei, niliyamwaga. Niliyamwaga mchangani, Kabula. Debe moja baada ya jingine, nikisikiliza yanavyonyonywa, kisha nikayapanga madebe matupu mbele ili kila mtu ayaone.

Wewe nimekupa jina la mvua.

Sasa Mama Minza. Kwa shilingi moja alikuwa ananunua debe moja kwa siku la kupikia. Kwa moja na nusu akanunua nusu debe. Kwa mbili hakuja tena. Nitakuambia kweli mbele ya Mungu: sikumbuki ni siku gani aliacha kuja. Punje ya mahindi haina jina. Siku aliyotoka yeye alikuwa ameingia mgeni mwenye dhahabu, kopo likabaki na uzito uleule. Mimi nilikuwa nimeshajijengea kibanda changu karibu na kisima, hatulali tena mkeka mmoja. Nilijisemea ameshapata mahali pengine, hana haja na maji yangu. Na nilimwona, mara mbili, akipita na chungu kilichofunikwa majani kutoka upande wa shimo ambalo wachimbaji walioshea mawe yao. Maji ya kijani yenye povu, ambayo hata mbwa alikuwa anayanusa kwanza. Nilimwona, nikageukia debe langu.

Siku moja, saa kumi alasiri kama sasa, alikuja na kibuyu mkononi. Minza alikuwa mgongoni, shingo imelala upande, miguu inaning'inia. Kwenye foleni walikuwa wamesimama wachimbaji watatu.

"Mayu," akasema, "nipe kidogo nimnyweshe mtoto. Anahara tangu jana."

Unajua nilifikiri nini? Sikumfikiria mtoto. Niliwatazama wale wanaume watatu, nikafikiri: nikimpa huyu bure mbele yao, kesho kila mtu atakuja na mtoto mgongoni. Nikasema, kwa sauti ambayo wote wangeisikia, "Bei ni moja kwa wote, Mama Minza."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliitazama ile miiba, imekauka, imekuwa kijivu. "Miiba hii niliikata mimi," akasema taratibu, kama mtu anayejikumbusha. Kisha akasema, "Haya, mayu," akageuka.

Mchimbaji mmoja kati ya wale watatu, mlevi, mchafu, mtu ambaye nisingemkaribisha hata mlangoni, alitoa shilingi tatu, akajaza debe, akalibeba akimkimbilia mama yule, maji yanamwagikia mgongoni. Hizo shilingi tatu nilizipokea. Nilizipokea, nikazifunga kwenye pindo la khanga, nikatia punje kwenye kopo. Na jioni ile, kama kawaida, nikamwaga madebe manne.

Asubuhi kibanda cha Mama Minza kilikuwa kitupu. Alikwenda kwa miguu kutafuta zahanati, na Minza alifia njiani. Mzee Sefu ndiye aliyeniletea habari. Ungefikiri nilifunga virago siku ileile, sivyo? Nilikaa majuma mawili zaidi, mpaka kisima kilipokauka chenyewe. Halafu nikarudi Shinyanga na fedha zangu, nikakununulia sare ya shule, nikanunua gunia langu la kwanza la mchele, na nikanunua sanduku hili la bati ninalolikalia. Wewe ndani yake umepanga vitabu. Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe umekula bila kujua.

Basi ndiyo hayo. Sikuandikii ili unihurumie. Nisikilize tu kidogo kuhusu ule mstari, kwa sababu toka Alhamisi sijafikiri jambo jingine, na ile alama ya mkaa nimekataa kuifuta, kama umeona.

Nilitaka kuuchukia. Nilitaka kusema ni mambo ya wazungu, ya watu wasiojua kiu. Lakini nimeugeuza kila upande, mwanangu, na ni wa kweli kuliko mimi. Ungekuwepo pale na mkaa wako, ungeniambia, "Mama, watu wameondoka, mstari umerudi kushoto, teremsha bei," na labda kwa sumni Mama Minza angenunua. Ujinga wangu nao ulikuwa mchango kwenye jambo lile, haukuwa uchoyo mtupu. Kwa hiyo kasome. Kasome vizuri, ujue kutofautisha kutembea na kuhama, maana mama yako hakujua.

Ila kuna jambo mstari ule hauna, na silioni hata nikiinama mpaka pua iguse sakafu. Ulisema mahitaji maana yake ni mtu anataka kitu na ana fedha ya kukinunua. Nilikuuliza, "Na anayetaka na hana?" Ukajibu haraka, "Huyo hahesabiwi, Mama, huyo yuko nje." Ulijibu sawasawa na kitabu. Mimi nilikuwa na kopo la mahindi na nilisema vilevile. Siku Mama Minza alipotoka nje, mstari wangu haukukatika, haukupinda, ulizidi kupendeza.

Mwezi uliopita redio ilipowataja walanguzi waliokamatwa na magunia ya sukari, uliruka ukasema, "Hao si watu, ni fisi!" Mimi nilikuwa nakoroga uji usio na sukari, bei yake halali imebandikwa ukutani dukani na sukari yenyewe hakuna. Nilikoroga mpaka uji ukashika chini. Mkuki kwa nguruwe. Mlanguzi ulikuwa unamwamkia shikamoo kila asubuhi, ndani ya nyumba hii.

Sasa la kesho.

Miaka yote uliyosoma Tabora hukuwahi kusindikizwa na mimi stesheni. Mjomba wako Mabula ndiye anayekupeleka, mimi nasema miguu inauma. Mwaka jana ulilia, ukasema mama za wenzako wote wanakuja kupunga mkono. Miguu yangu ni mizima, Kabula. Kule mwisho wa jukwaa, yanaposimama mabehewa ya daraja la tatu, kuna mama mwembamba anayeuza karanga za kuchemsha kwenye ungo. Ameshakuuzia, uliniambia mwenyewe, ukasema anapima kwa mkono uliojaa. Nilimwona mara ya kwanza miaka minne iliyopita, nikajificha nyuma ya mkokoteni wa mizigo kama mwizi, na tangu siku ile sijakanyaga pale. Hakuzaa tena. Bado wanamwita Mama Minza.

Kesho nakuja. Nitatangulia mbele yako, nitapiga magoti kama inavyopasa kwa aliyenizidi, nitasema shikamoo, nitataja jina langu iwapo macho yake yamenisahau. Sijui kama ataitikia. Akinyamaza, usinitetee, usiniinue, wala usimnunulie karanga zake zote kwa huruma, hiyo nayo ni dharau. Panda treni yako. Umtazame tu uso vizuri kabla hujapanda, kwa sababu huko uendako hawatakuchorea uso huo.

Na ukirudi kutoka kwa bibi yako, usiguse debe lililo nyuma ya mlango. Limejaa maji, nimelifunika kwa sahani safi. Wewe na Mabula bebeni sanduku. Hilo debe nitalibeba mimi kichwani mpaka stesheni, nimpelekee. Najua ni miaka kumi imepita na halimfai tena aliyekuwa na kiu. Atalipokea, au atanimwagia miguuni mbele ya watu wote. Lakini safari hii sitayamwaga mimi.

Mama yako.